Umbo la Asali Yako

Bombolulu, Mombasa

Mwanangu mpendwa Rehema,

Nakusalimu katika Bwana. Mvua ya jua inanyesha taratibu, na mtaa mzima waonekana kama ndoto. Mchoraji wa mabango hapa mtaani alichora ubaoni nembo ya asali yako ya kuuza kama ulivyoagiza: pembetatu yenye ncha kali, bado bila maandishi. Mama mmoja mpita njia akaniamkia.

"Shikamoo, mzee. Hiyo ni sumu ya panya?"

Mchoraji akacheka, akachora duara la manjano. Yule mama akalitazama, akalamba midomo.

"Na hiyo yauzwa wapi?"

Uniwie radhi, nimechagua duara bila idhini yako. Nilipolitazama sana niliuona uso wako ulipokuwa mchanga, nikashindwa kuliacha.

Mungu akufunike kwa amani.

Akupendaye,
Baba