Tetemeko Lilivyomkatiza Bibi Maneno

Kaka, ardhi ya Tunduma imetetemeka, na wakwe walikuwa ndani kwetu wanakunywa chai!

Nisamehe, hata sijakuamkia. Shikamoo kaka. Kifua kimepoa? Wifi yangu hajambo? Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa konda wa basi barua hii. Sisi wazima, ila kichwa changu hakijatulia.

Bibi wa yule binti wa Igamba, mchumba wa Danieli, alikuja na shangazi za binti kuiona nyumba aliyoijenga mpwa wako. Kaka, vigae mpaka jikoni! Nikamuuliza, "Bibi, mmetukubali?" Akafungua mdomo ajibu. Hapo hapo vikombe vikaanza kucheza kwenye sinia.

Malori yakipanga foleni hapa mpakani, madirisha hutikisika kila siku. Nikatoka na mwiko: "Wewe dereva! Zima hilo gari, nina wageni wa heshima!" Nikamkuta amesimama chini, peku. "Mama, nimezima tangu asubuhi. Hata mimi nimeamshwa!" Natazama juu, nyaya za umeme zinabembea. Mtaa mzima uko nje, huyu analia, yule anacheka. Kumbe tetemeko! Sisi watu wa Masasi tulizoea kulisikia redioni, la nchi za watu. Hata Bibi anasema aliwahi kuliona mara moja tu, akiwa msichana.

Danieli, simba wangu, alimbeba Bibi mgongoni akamtoa nje. Bibi anampiga mabega: "Nishushe! Mahari hujaleta, umeshaanza kubeba watu!"

Ukuta wa jirani umelala chini. Wetu una ufa mwembamba tu juu ya dirisha, na umeshazibwa. Lakini jibu langu je? Nilipouliza tena, Bibi akasema, "Nyumba nimeiona, haikuanguka. Mgongo wa kijana nimeujaribu. Huyo mjomba mnayesema ndiye mwenye neno kwenu, sijamwona." Akaondoka, chai hakuimaliza.

Sasa hiyo ni ndiyo au hapana? Danieli anasema ndiyo. Mimi sielewi, kaka. Ninachojua, usipokuja, mtoto wetu atamkosa binti huyu.

Njoo na wifi. Mama mdogo naye mwambie asiogope, nyumba hii imeshajaribiwa na Mungu mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, Mama Danieli, mwenye nyumba ya vigae.

Tunawangoja wote, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka.