Kapteni Akikosea, Mwambie

Jumapili, mwezi wa tano. Mvua imetuamkia hapa Birongo kabla ya jogoo, na ukungu ulikuwa mzito hata migomba ya jirani sikuiona. Mwili ni mzima, ila mikono inatetemeka kidogo, kwa hivyo nikikosa herufi mnivumilie. Shule niliiacha mapema. Lakini mzee gani mwingine wa rika langu ana blogu katika kijiji hiki? Mtajeni.

Blogu alinifungulia Kemunto, kitinda mimba wangu. Kemunto ni rubani. Anarusha ndege ndogo za kupeleka watalii mbugani. Wenzangu wana watoto walimu, wana watoto madaktari, na ni vizuri. Mimi nina mtoto anayepita juu ya mabati yao.

Jumatano anasafiri kwenda Uarabuni. Kampuni ya ndege kubwa huko imemwita akapimwe kama anafaa kuwa rubani wao. Wanaoitwa ni wengi, wanaochukuliwa ni wachache. Amesoma mpaka macho yamekuwa mekundu: hesabu, upepo, mawingu, maswali ya mahojiano. Hayo hayanitishi. Akili ameitoa kwangu.

Kuna moja tu linalonitisha.

Mwaka jana alijaribu kampuni nyingine, wakamrudisha. Sababu nimeijua juzijuzi tu, tena kwa mama yake. Kwetu msichana mkubwa hamletei baba shida zake. Anampelekea mama, naye mama anangoja siku ambayo baba amekula akashiba. Basi nilipokula nikashiba nikaambiwa: walimweka kwenye chumba kinachojifanya ndege, karibu na kapteni mwenye mvi. Huyo kapteni akakosea makusudi, akashusha ndege chini kupita kiasi, kumpima tu. Kemunto aliona. Alijua. Akanyamaza. Mwishowe akanong'ona kama bibi harusi anayeomba chumvi ukweni.

Wakamwambia anarusha vizuri, lakini hawezi kumkosoa mkubwa wake.

Sasa nyinyi mnaosoma na si wa huku, nisikilizeni. Sisi tuna kitu kinaitwa ensoni. Ni haya, lakini si haya ya woga, ni heshima. Mtoto hamkazii baba macho. Hakai kiti kimoja na yeye. Hamwambii "umekosea" hata kama nyumba inaungua. Kemunto nilimlea hivyo, na sikumlea vibaya. Uliza popote mpaka Keroka, hakuna aliye na binti mwenye adabu kama wangu.

Lakini ndege haina ensoni. Ikianguka, inaanguka na wazee wake wote.

Nimelala na hilo neno siku kadhaa. Leo asubuhi nikasimama mlangoni nikatangaza kwamba mimi ndiye kapteni. Tunaenda Keroka na pikapu yangu, nitakosea njia nzima makusudi, na Kemunto atanikosoa kwa sauti. Kwa ukaidi hakuna kapteni wa Uarabuni anayenifikia.

"Hapo hujadanganya," mama yake akasema.

Kemunto alitaka kupanda nyuma, kwenye mvua, mahali anapokaa siku zote. Nikamuuliza kama rubani msaidizi huwa anakaa na magunia. Akaingia mbele, akajibana kwa mlango kama mtu anayeogopa kuchafua kiti. Nikamwambia anieleze kazi inavyosema. Akasema, huku akitazama magoti yake, kwamba kapteni akikosea unamwambia mara moja. Asiposikia unamwambia tena kwa nguvu. Asiposikia bado, unashika wewe.

Nikawasha gari. Waipa nikaziacha zimelala.

"Tata, pole, kama hutajali, sijui kama waipa..."

"Unajua au hujui?"

"Najua."

"Basi niambie kama unavyomwambia ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi!"

Akacheka, akaziba mdomo. "Tata, washa waipa."

"Nitazame ukisema."

Akanitazama sikio.

"Hilo ni sikio, Kemunto. Macho yako hapa mbele."

Tukaenda hivyo. Nikaacha kufunga mkanda, nikaendesha na gia isiyofaa mpaka injini ikalia, nikawasha taa ya kushoto nikaenda kulia. Kila mara alisema, na kila mara sauti ilikuwa ikitoka nusu, nusu nyingine anaimeza. Nilianza kuhuzunika. Nikajiambia, huyu watamrudisha tena, na safari hii ni mimi nitakuwa nimemrudisha.

Tukafika pale barabara yetu ya udongo inapoingia kwenye lami. Hapo sikutaka kukosea. Hapo hakuna mchezo, malori yanashuka kama mawe. Nikasimama. Nikaangalia kulia. Nikaangalia kushoto. Barabara nyeupe kwa ukungu, tupu. Nikaachia klachi.

"Tata, ngoja. Lori kushoto."

Nikafikiri sasa ni yeye anayenichezea. "Nimeangalia. Hakuna kitu."

"Tata, simama!"

"Nimesema nimeangalia!"

Gari lilikuwa limeanza kuingia. Akaruka, akavuta breki ya mkono kwa mikono miwili, mkono wangu ukiwa katikati. Injini ikazima. Na lori la majani chai likapita mbele ya pua yetu, bila taa, na upepo wake ukaitikisa pikapu kama kibanda. Majani mabichi yakaanguka kwenye boneti.

Lori lile ni kubwa kuliko jikoni yangu. Sikuliona.

Honi yake ilikuwa bado inalia huko mbali kwenye ukungu. Kemunto akaanza kulia. "Nisamehe, Tata. Nimekupigia kelele. Nimekushika mkono."

Nikamwambia akiomba msamaha mara nyingine nitamshusha atembee kwa miguu mpaka Birongo. Nikamshika kichwa, hapa juu, kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mtoto wa kubebwa. Sikumbuki mara ya mwisho nilifanya hivyo.

Kisha nikashuka, nikazunguka, nikamwambia asogee kwenye usukani. Miaka yote ya pikapu hiyo sijawahi kukaa upande ule. Mlango wake haufungi vizuri, na maji yanaingia mguuni. Mama yake amekaa hapo miaka yote.

Anaendesha vizuri, kusema kweli. Polepole kuliko mimi, lakini vizuri.

Jioni tumekula. Nilimsimulia mama yake yote, na lori nikaliongezea ukubwa kidogo. Nilipofika pale pa breki, Kemunto akaweka kijiko chini.

"Tata, hutashika usukani tena mpaka daktari aangalie macho yako. Kesho nakupeleka Kisii."

Mama yake alikuwa anapakua ugali. Mwiko ukabaki hewani.

"Kuna mtu ameniuliza?" nikasema.

"Sijauliza, Tata. Nimesema."

Na alikuwa ananitazama. Macho kwa macho, bila kupepesa, sauti nzima, haikumezwa hata kidogo. Nikatafuta hasira nilipoiweka, nikaikosa. Nikaona tu jinsi macho yake yanavyofanana na ya mama yangu mzazi. Amekaa nayo nyumbani kwangu muda wote huu na sikuwahi kuyaona vizuri, kwa sababu ya hiyo adabu yetu.

"Sawa," nikasema. "Saa ngapi?"

Mama yake akatoka nje, anasema anaangalia ng'ombe. Nilisikia akicheka huko zizini.

Sasa wamelala, nimebaki na simu na mvua. Akifika huko watamweka na kapteni mwenye mvi, na huyo mzee atakosea. Masikini, hajui anayekuja. Watamchukua. Hilo silisemi kwa majivuno, nalisema kwa kuwa nimeliona.

Ila wakimchukua, atakaa huko. Nitamwona mara moja kwa mwaka, labda, akija na zawadi. Leo kutwa nimehangaika kumfundisha kunikosoa, na nimefaulu, na sasa anaenda kuwakosoa watu wa mbali.

Mimi hapa nitakosea na nani?