Jina la Mkwe Mtoni Vabu

KITUO CHA POLISI SOGERI, JIMBO LA KATI, PAPUA GUINEA MPYA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mavu Soga. Umri: hajui, yapata miaka 70. Kazi: mkulima, huuza viazi vitamu kwa wasafiri wa miguu. Makazi: kijiji cha Edovu, njia ya milimani. Hajui kusoma wala kuandika. Mwandishi: Konstebo Rarua Gau.

Mnamo tarehe 14 Agosti 2016, hiyo tarehe umeiweka wewe, konstebo, mimi najua ilikuwa Jumapili, maana jana yake tulikuwa kanisani, sisi ni Wasabato. Saa mbili asubuhi niliteremka mto Vabu na kapu la viazi. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka nguruwe wa jirani kaingia jikoni kwangu, nguruwe yule ana kiburi, basi tumwache. Nikakuta gogo la kuvukia lipo, ila kamba inayolishika upande wetu imekatika. Ukiwa ng'ambo huoni, majani yanaficha. Nikasema sibanduki hapa, niwazuie watu.

Saa nne na robo, ndege ya Moresby ilishapita, wakatokea ng'ambo wazungu watano na wapagazi sita. Wa mbele alikuwa mume wa binti yangu. (Shahidi hakutaja jina. Ni marehemu Ovoru Havala, miaka 27. R.G.) Alibeba mizigo miwili, wake na wa mzungu mmoja mzee aliyeumwa goti. Ndivyo alivyo, hajui kukataa.

Nikapiga kelele, "Gogo bovu! Gogo!" Mto unanguruma. Kwetu mlimani maneno hayavuki maji, jina ndilo linavuka. Mtu akisikia jina lake husimama. Sasa mimi jina la mkwe nilitie kinywani? Hata wewe, mwanangu, mtu wa pwani, unajua ni mwiko. Wangekuwa na mtoto ningeita Baba Fulani, lakini mtoto bado yumo tumboni, mwezi wa saba huu.

Nikaita, "Wewe! Wewe wa mbele!" Yuko mpagazi mmoja, Lelesi, mtani sana, mama yake naye alikuwa hivyohivyo, hata msibani anachekesha. Huyo kaniambia baadaye walisikia sauti tu, wakaijua ni yangu. Akamtania mwenzake, "Kaka, mama mkwe huyo! Inamisha kichwa, vuka upesi, usimwaibishe bibi wa watu!" Wakacheka wote.

Naye akainamisha kichwa. Mkwe mwenye adabu hamtazami mama mkwe, hupita haraka. Nikapunga mikono yote miwili, nikavua na kitambaa nikapunga. Hakuona. Alikuwa ananiheshimu. Kadiri nilivyoita ndivyo alivyoharakisha.

Jina lilikuwa mdomoni. Nililishika kwa meno.

Alipofika katikati gogo likageuka. Ndipo nikalitaja. Nililitaja kwa sauti yangu yote, mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu. Lelesi anasema hilo walilisikia wote, hata mzungu wa mwisho. Yeye sijui kama alilisikia. Mizigo miwili ile ilishamvuta chini.

Lelesi alijitupa majini, akarudi na kofia. Mimi nilibaki nimesimama na viazi vyangu. Saa tisa alasiri walimpata kwenye mawe, kule chini.

Binti yangu hajanilaumu. Angenilaumu ningepumua. Amesema tu mtoto akiwa wa kiume atapewa jina la baba yake. Nikamuuliza, mama, sasa mimi nitamwitaje siku akielekea mtoni?

Haya ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, sina la kuongeza wala la kupunguza.

Alama ya dole gumba la kulia: Mavu Soga

Nathibitisha kuwa nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoielewa, naye amekubali kuwa ni sahihi. Kwa ombi lake, nilipofika kwenye jina la marehemu sikulisoma.
R. Gau, Konstebo. 17/8/2016, saa tano asubuhi.