Kipande cha Auma

Jumatatu, 3 Machi
Inatangazwa rasmi: kikombe changu cha bati, kilichonitumikia tangu nianze kutengeneza redio hapa Migori, kimetoboka. Mazishi hayatakuwepo. Nimekiziba kwa lehemu.

Mpwa wangu Atieno amepiga simu kutoka maabara anakofanya kazi, Nairobi. Mama yake, dada yangu Auma, anapasuliwa titi Ijumaa, Homa Bay. Maabara inaomba kipande kidogo cha uvimbe.

Jumanne, 4 Machi
Atieno ametuma picha. Chipu ya plastiki angavu, ukubwa wa kidole gumba, ndani ina vijia vyembamba kama unywele. Upande mmoja watapanda saratani ya Auma, upande wa pili chembe za ini. Katikati wanapitisha maji mfano wa damu. Halafu wanachungulia: chembe gani inatoroka, inapita wapi, inatua vipi. Kama gugu-maji. Kipande kinakatika Mbita, baadaye ghuba nyingine imejaa. Nimeelewa. Vitabu vya kuokota navyo ni shule.

Vijia vile ni bustani ya mama, Rusinga. Tukiwa watoto, Auma alichora mifereji kwa kisigino, mimi nikamwaga maji ya ziwa. Mgongoni alifunga kwa leso tunda la yago, ule mti wa mwegea, kubwa kama mtoto. Ndiye mtoto wake. Nililionea wivu lile tunda. Bado.

Jumatano, 5 Machi
Rusinga, kwa Auma. Amekataa. Si kipande tu, upasuaji wote.

'Hicho kipande kitaishi Nairobi. Kikifa, nani atakileta dala, hapa nyumbani? Mjaluo hazikwi nusu nusu.'

Nilicheka. Yeye hakucheka. Uvimbe haungoji mtu afikirie. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Atieno anasema mabaki huchomwa. Ndiyo sheria ya maabara. Ataomba, lakini nisitegemee.

Nimemwambia Auma nitakifuata mwenyewe. Sehemu ya pili ya habari sikuisema. Shemeji zake wakachimba hapo hapo, kando ya kaburi la marehemu mumewe, shimo la kutosha kopo la majani chai.

'Omera, ndugu yangu, usirudi mikono mitupu,' mmoja akaniambia. 'Shimo wazi huita mtu.' Alikuwa anatabasamu. Kwa mdomo tu.

Auma amekubali.

Ijumaa, 7 Machi
Ametoka salama. Anadai uji na kuulaumu kabla hajauonja. Nimelia chooni.

Jumamosi, 29 Machi
Atieno amepiga. Kuvu iliingia kwenye chipu. Chembe zikafa zote kabla hata moja haijatoroka. Zimechomwa pamoja na glavu. Wataanza upya na za mtu mwingine. Alikuwa analia, kwa ajili ya kazi au ya mama, sikuuliza.

Jumapili, 30 Machi
Rusinga. Nimesema yote, hata ile sehemu ya pili. Auma alinitazama kama zamani nilipovunja chungu.

'Nilijua,' akasema. 'Lete yago.'

Kweli. Aliyepotelea ziwani asionekane, huzikwa tunda la yago badala yake. Sikuwa nimewaza.

Nimelipata. Auma akataka afungiwe mgongoni. Daktari amekataza mizigo. Basi akanifungia mimi, kwa leso yake, mzee mzima, tukapita mbele ya shemeji wote. Nyuma yangu anacheka huku ameshika kidonda. Akaniimbia ule wimbo wa kumbembeleza mtoto. Maneno hajasahau hata moja.

Tunda halikuingia shimoni: mtoto anayebembelezwa hazikwi.