Virusi vya Nyumbani kwa Mama Mkwe

Becky, kijiji hiki cha Mulanda kimenishinda! 😂

Si unakumbuka mama mkwe alivyoambia kanisa zima kwamba ugonjwa wa mahindi yake nimeuleta mimi kutoka Kenya, pamoja na sufuria zangu?

Leo mtafiti aliyechukua majani ya mahindi hayo kwenda kuyapima amerudi na majibu. Akasema mbele ya majirani kwamba ugonjwa huo ni wa virusi vyenye aina nyingi, vinavyosambazwa na wadudu, na vya shamba la mama havifanani na vya Kenya. Vinafanana na vya Mwello.

Mwello, Becky. Alikozaliwa mama mkwe mwenyewe!

Paddy, mume wangu mtetezi, akaangalia viatu.

Mama naye akasema, "Virusi vya Mwello havina tabia hiyo."

HAVINA TABIA HIYO!

Sasa nimeagizwa nimpikie mtafiti kuku, eti akishiba atabadilisha majibu.

Nimechinja jogoo wa mama, yule anayempenda kabisa.