Spana Namba Kumi

Murera, Jumapili

Kaka Boaz,

Huku mvua imeharibu barabara, lakini mahindi yamefurahi. Maxine wangu ameanza koleji Thika. Anajua mjomba wake ni fundi hodari. Mengine sijamwambia.

Unakumbuka ile ndege ndogo ya viti vinne tuliyokuwa tukitengeneza pamoja Ruiru? Mwenye ndege ameileta kwenye karakana ninakofanya kazi sasa, Thika, anataka mita za zamani zitolewe awekewe skrini. Jana nilifungua sakafu nipitishe waya mpya, nikakuta spana namba kumi imelala kando ya kebo za usukani. Ina alama yako ya rangi nyekundu.

Ile uliyosema niliiba.

Wewe mwenyewe ulinifunza kwamba spana ikipotea, ndege hairuki mpaka ipatikane. Lakini siku ile mwenye ndege alikuwa na haraka, ukaona ni rahisi kumwita dada yako mwizi kuliko kufungua sakafu. Nikafutwa kazi. Miaka saba ndege imeruka na spana yako tumboni. Kwenye mazishi ya Mama, nilipokaa karibu na mkeo, alikumbatia mkoba wake.

Pole yako sitaki. Nimeandika kwenye kitabu cha matengenezo ya ndege kwamba nimepata spana, na mahali ilipokuwa, kama sheria inavyotaka. Sahihi ya aliyefunga sakafu hiyo mara ya mwisho ilikuwa tayari hapo, juu ya yangu, na mwenye ndege anajua kusoma.

Msalimie mkeo. Mwambie sasa anaweza kuuachilia mkoba.

Dada yako,
Selpha