Nilisema Andaa, Ikatuma

Jumatatu, 9 Juni

Zana ya tatu leo. Ya kwanza inasoma kilichopo kwenye skrini ya simu, ya pili inatelezesha, hii inabonyeza. Kidole hakuna. Ni programu ya akili mnemba inayoendesha simu kwa niaba ya mwenye simu, na kazi yangu ni kuiandikia maelezo: zana hii inafanya nini, itumike lini. Binadamu hatayasoma. Itayasoma programu.

Sijatulia tangu asubuhi. Natoka kuangalia mahindi, narudi, natoka tena. Yamekauka vizuri. Baba anasema tutavuna karibuni, tembo wakituachia. Akinyi, msimamizi wangu aliyeko Nairobi, anataka maelezo yote Ijumaa. Fupi, anasisitiza. Fupi kabisa.

Jumanne, 10 Juni

Umeme umekatika tena kijiji kizima cha Natta. Simu ya bandia ninayofanyia majaribio ndani ya kompyuta inamaliza chaji ya kompyuta haraka, kwa hiyo nimeunganisha simu yangu mwenyewe. Najua haifai. Nimechoka kusubiri.

Zana ya kubonyeza nimeiandikia hivi: "Bonyeza kitufe chochote kinachohitajika ili kukamilisha kazi." Nimeipenda sentensi hii.

Jumatano, 11 Juni

Naandika labda nitatulia.

Jioni niliipa programu jaribio: fungua ujumbe wa mwisho, andaa jibu. Nilisema andaa. Ujumbe wa mwisho ulikuwa kwenye kundi letu la kupeana habari za tembo, lile la kitongoji, ambako anayewaona anaandika wako wapi. Mtu alikuwa anauliza kama kuna habari za upande wa mtoni. Programu ikaandika: "Ndiyo, tembo wako upande wa mtoni." Nikasogeza kiti nisome vizuri. Ikabonyeza tuma.

Kwa nini isibonyeze? Niliiambia ibonyeze chochote.

Nikafuta. Nikaandika nimekosea. Hakuna aliyekuwa anasoma tena, wote walishashika tochi na madebe, wanakimbia. Baba Wambura, jirani yetu, alirukia pikipiki kuwahi shamba lake la mtoni. Akaangukia korongoni. Mguu umevunjika.

Tembo hapakuwa na hata mmoja.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla ya chai. Shikamoo yangu aliitikia akiangalia ng'ombe. Nikaeleza yote: programu, zana, jaribio. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Simu ni ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Basi aliyetudanganya ni wewe."

Ameniondoa kwenye kundi. Baba ana kisimu cha tochi tu, kwa hiyo tembo wakija nyumba hii haitapata habari. Baba hajanigombeza. Afadhali angenigombeza.

Baba Wambura amepelekwa hospitali Mugumu, amefungwa plasta. Nilifika mpaka mlangoni kwao kumpa pole mkewe. Nikageuka. Woga tu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeifuta ile sentensi. Nimeandika upya, ndefu, mbaya masikioni, lakini inasema ninachotaka. Kitufe cha kutuma, cha kulipa, cha kufuta, cha kupiga simu: usikibonyeze mpaka mwenye simu aone na akubali. Kuandaa ujumbe siyo kuutuma. Ukiulizwa jambo usilolijua, usilijibu, mrudie mwenye simu.

Akinyi akajibu mara moja: "Hii ni ndefu sana, dada. Ikiuliza kila kitu itakuwa slow. Rudisha ile ya kwanza."

Nikamwandikia hapana. Sijawahi kumwambia hapana. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani sikwenda. Watu wangenitazama.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama nilipomwona Mama Wambura anakuja mbio, peku, kitenge kimemfunguka anakishikilia kwa mkono. Nikajua amekuja kunitukana. Nikasimama anitukane.

"Wako kwa mwenyekiti, wanakuja huku. Mwambie baba yako!"

Baba akawasha pilipili na kinyesi cha ng'ombe upande upepo unakotoka. Moshi ulituchoma macho. Wakaja kweli, kundi zima, na watoto wao. Walivunja mistari ya pembeni, wakasimama kwenye moshi, wakawa kama wanashauriana. Mama Wambura alikuwa katikati yetu anapiga sufuria. Sufuria yetu. Mume wake yuko kitandani kwa sababu yangu, naye anapigania mahindi yetu.

Wakageuka. Nikamwambia pole na asante kwa mkupuo mmoja. Akasema ana maharage jikoni, akaondoka.

Jumanne, 17 Juni

Akinyi amepiga simu. Nikamsimulia: jaribio, kundi, korongo.

"Mguu kabisa?"

"Mguu kabisa."

Sentensi zangu zinabaki. Amekata moja niliyokuwa nimeirudia, na hapo alikuwa sahihi. Kwenye kundi sijarudishwa. Siombi.

Nilitegemea leo nitapata usingizi wa mchana. Wapi.

Jumamosi, 21 Juni

Kompyuta sijaigusa. Nimeshinda kwa Mama Wambura, tumevuna, tumebeba, mgongo hauna hali. Baba Wambura ameruhusiwa kutoka, amekaa kwenye mkeka uani, mguu ameunyoosha juu ya gunia, anapukuchua. Nilimwamkia. Akaitikia. Nikakaa mbali kidogo, sikujua niweke wapi mikono.

Baada ya muda akaniuliza:

"Hiyo programu yako inajua kupukuchua mahindi?"

"Haijui."

Akanirushia hindi moja.

"Basi sogea hapa."